Muulize Fundi: Baruti ipi haichafui mtutu?

Barua za mwezi huu nyingi zimekuja na moshi. Labda ni kwa sababu Julai inakaribia na kambi zinafunguliwa, kila mtu kakumbuka bunduki. Nimechagua hizi chache, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imenigusa, na mimi nilianzia hapohapo kwenye kusugua mitutu ya wageni.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko na kampuni moja ya uwindaji wa kitalii hapa Arusha, kazi yangu kambini ni kutunza vifaa na jioni wageni wakirudi nasafisha bunduki zao. Msimu uliopita nilikuwa na wazee wawili Wamarekani, wote wana raifo za .375, yaani kichwa cha risasi kina upana wa inchi 0.375. Mmoja ananunua risasi dukani kwao, mwingine anajaza mwenyewe nyumbani kwake, anapima baruti kwenye mizani, anakandamiza kichwa, na anajisifu kweli kwamba anatumia baruti safi, haiachi uchafu. Sasa cha ajabu bunduki ya huyo wa baruti safi ndo ilinitoa jasho, vitambaa vinatoka bluu kama nimechovya kwenye wino, siku nzima bluu, ya mwenzie vinatoka vyeusi mara tatu nne halafu vyeupe basi kazi imeisha. Mzee ananicheka tu. Anarudi Julai na kasema atanieleza mambo ya baruti, mimi sitaki nionekane mshamba. Hiyo baruti safi ipo au ni maneno ya biashara? Na mtu anaichaguaje? Msomaji, Sakina, Arusha.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na bluu kwa sababu hapo ndo umechanganya vitu viwili, na usijilaumu, wengi wanachanganya, hadi wenye bunduki zao.

Ule weusi ni masizi ya baruti. Bluu sio baruti kabisa, ni shaba. Kichwa cha risasi kinapopita kwenye mtutu kinabanwa na ile mifereji inayozunguka ndani, kinaacha utando wa shaba kwenye chuma, na dawa nyingi za kusafishia zina amonia, amonia ikikutana na shaba inageuka bluu. Kwa hiyo yule mzee hakukudanganya, baruti yake inawezekana ni safi kweli, ila nakuwekea dau kwamba vichwa anavyopakia ni vile vya shaba tupu kama Barnes, havina madini ya risasi ndani, wawindaji wa nyati wanavipenda kwa kuwa havivunjiki. Shaba tupu inasugua zaidi kuliko kichwa cha kawaida kilichovaa koti la shaba, ndo maana siku hizi wanavichonga mistari pembeni kupunguza msuguano. Ukimwona Julai muulize hivi, mzee unapakia vichwa gani? Utaona anavyokuangalia tofauti.

Na kuna kitu kingine ambacho mimi kilinichezea nikiwa kijana. Nilisugua .375 ya mgeni mmoja karibu saa mbili, kila kitambaa bluu, nikaanza kumlaani na risasi zake, kumbe ncha ya fimbo yangu ya kusafishia ilikuwa ya shaba nyeupe! Dawa ilikuwa inaila fimbo yangu mwenyewe, mtutu ulishatakata zamani. Angalia yako. Brashi ya bronzi nayo ni hivyohivyo, pitisha, itoe, ioshe, halafu kitambaa kwenye ncha ya plastiki ndo kikwambie ukweli.

Sasa tuje kwenye baruti yenyewe. Ipo baruti inayoungua safi kuliko nyingine, ndio, sio uongo, ila usafi hauko ndani ya kopo peke yake, na hapa ndo nataka unielewe vizuri kwa sababu hata hao wazee wengi wanasoma neno "safi" kwenye kopo wanadhani wamemaliza.

Fikiria mkaa na jiko. Mkaa uleule wa Mbuyuni, ukiupuliza vizuri unaungua wote unabaki majivu kidogo, ukiuziba hewa unafuka moshi, sufuria nyeusi mpaka nje. Kwa baruti kinachofanya kazi ya kupuliza ni presha. Baruti ya kisasa haihitaji hewa ya nje, imebeba oksijeni yake humohumo, lakini inataka kubanwa, ikibanwa inapata joto na inaungua haraka mpaka mwisho, isipobanwa vya kutosha inaungua nusunusu, inaacha masizi, saa nyingine inaacha punje nzima hazijaguswa. Ukitaka kujua tunaongelea presha gani, tairi la Land Cruiser ya kambini mnajaza kama 35 hivi, .375 ya kiwandani inaruhusiwa kufika paundi 62,000 kwa inchi ya mraba. Elfu sitini na mbili. Ndo maana huwa nawaambia watu wasichezee vitu hivi.

Kwa hiyo mtu akijaza risasi "laini" ili isimpige bega, anapunguza baruti, presha inashuka, bunduki inakuwa chafu kuliko ya jirani anayetumia baruti ileile kwa kipimo kamili. Afu analaumu kopo. Dalili yake utaiona hata bila kuuliza: okota ganda alilotupa uangalie shingoni. Ganda linatakiwa kuvimba kidogo na kuziba chemba, ile sehemu ya mtutu risasi inapokaa, gesi isirudi nyuma, presha ikiwa ndogo halivimbi haraka, gesi inapenya, shingo na mabega yanakuwa meusi tii. Ganda lenye weusi mdomoni tu halafu huku chini linang'aa, huyo amejaza vizuri. Ganda jeusi mpaka kiunoni, ama kajaza hafifu ama ganda limechoka, limekuwa gumu kwa kurudiwa mara nyingi. Hii okoteni mjifunze, maganda yanaongea.

Kitu cha pili ni mwendo wa kuungua. Baruti ziko nyingi na kila moja ina mwendo wake, za bastola na shotgani zinaungua kama nyasi kavu, za bunduki kubwa zinaungua taratibu kama gogo la mgunga. Mwenye kujaza anatakiwa achague mwendo unaolingana na ukubwa wa ganda na uzito wa kichwa. Ikiwa ya taratibu mno kwa ganda lake, kichwa kinatoka mdomoni huku baruti bado inaungua, unaona mmweko mkubwa mbele, mtutu unakuwa mchafu na punje zinabaki. Ikiwa ya haraka mno presha inaruka ghafla, na hapo sio suala la usafi tena, ni suala la vidole na macho. Kwa hiyo anayejaza anafungua kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti hiyo na anafuata kipimo kilichoandikwa humo, anaanzia chini na hapiti juu. Mimi vipimo siviandiki hapa na usikubali mtu akutajie kwa mdomo.

Tatu, umbo. Ukimwaga baruti kiganjani utaona nyingine ni vijiti vidogo kama tambi zilizokatwa, nyingine ni vipunje vya mviringo kama mbegu za mtama uliosagwa vibaya, nyingine ni vibamba. Za mviringo zina raha yake, zinamwagika vizuri kwenye kipimo, kila risasi inapata sawa, lakini nyingi, sisemi zote, huwa ni ngumu kuwaka na zinaacha masizi zaidi kwa sababu mwendo wake unatawaliwa na dawa iliyopakwa juu ya punje, na dawa hiyo nayo inaungua inaacha kitu. Vijiti vinategemea zaidi umbo lake na tundu la katikati.

Hapa kuna kisa maarufu. Marekani walipoanza kutumia bunduki ya M16 kule Vietnam miaka ya 1960, ilikuwa imejaribiwa kwa risasi zenye baruti ya vijiti, jeshi likabadilisha likaweka ya mviringo. Ile ya mviringo ilikuwa na kalsiamu kaboneti iliyowekwa kuua asidi iliyobaki kiwandani, kitu cha chokaa yaani, sasa M16 inarudisha gesi kwenye mashine yake kwa kimrija chembamba, ile chokaa ikaanza kuganda mrijani, na askari walishaambiwa bunduki hii haihitaji kusafishwa sana, wengine hawakupewa hata vifaa vya kusafishia. Bunduki zikakwama watu wakiwa vitani. Kulikuwa na sababu nyingine pia, chemba hazikuwekwa kromu zikashika kutu, lakini baruti ilikuwa na mkono wake. Raifo zenu za bolti, yaani komeo unalolivuta kwa mkono, hazina mrija wa gesi kwa hiyo masizi hayawakwamishi namna hiyo, na ndo maana mimi kwa bunduki ya kuwindia siweki usafi namba moja.

Namba moja naweka joto. Hapa ndo ningependa umuulize mzee swali la kumnyoosha kidogo. Yeye anajaza kwao, pengine anajaribu kipindi cha baridi, shabaha iko sawa, presha iko sawa. Anashuka uwanja wa ndege wa KIA, Arusha ya Julai asubuhi ina ubaridi mnavaa makoti, keshokutwa yake yuko bondeni huko Natron saa saba mchana, mkanda wa risasi umelala kwenye dashibodi ya gari. Baruti ikipata joto inaungua kwa nguvu zaidi, presha inapanda, na kama alishajaza mpaka juu kabisa, bolti inagoma kufunguka. Na inagoma nyati akiwa amelala majani anakusubiri. Risasi kivulini, mwambie, dashibodi sio kabati.

Waingereza walilijua hili zamani. Baruti yao ya kordaiti, ile iliyotokea 1889, ilikuwa nyuzi ndefu kama tambi, na ile ya kwanza ilikuwa na nitrogliserini asilimia 58. Ilikuwa kali, na ilikuwa inaila mitutu kwa joto lake mpaka kufikia 1901 wakatoa nyingine iliyopunguzwa mpaka asilimia 30. Na ilipanda presha vibaya kwenye nchi za joto, ndo maana zile bunduki za tembo zenye mitutu miwili kama .470 Nitro Express zina maganda marefu makubwa na presha yake iko chini ya 40,000, waliacha nafasi kwa ajili ya jua la India na la kwetu. Hata hiyo .375 unayoisugua, ya 1912, ukiangalia ganda lake limeinama mabega kama chupa ya mvinyo, ni kwa sababu lilitengenezwa kubeba nyuzi za kordaiti. Wazee waliunda bunduki wakifuata baruti. Siku hizi tunaichagua baruti tufuate bunduki.

Kwa leo viwanda vimejitahidi. Zile za kampuni ya Marekani ya Hodgdon wanazoziita Extreme, mfano Varget na H4350, zinatengenezwa Australia kule Mulwala, ni za vijiti, zimeundwa zisiyumbe sana joto likibadilika, na wanaojaza wengi wanazisifia pia kwa usafi. Vihtavuori ya Ufini nayo ina jina la kuungua safi, namba zake zinazoanzia N100 hazina nitrogliserini, za N500 zimeongezewa kwa ajili ya nguvu. Ukienda Afrika Kusini wanaojaza wanatumia sana Somchem ya kwao. Halafu zipo zinazopigana na ile bluu yako moja kwa moja, kwa mfano CFE 223 ya Hodgdon, jina lenyewe kwa Kiingereza ni kifupi cha kifutio cha shaba. Hilo nalo sio jipya, Wafaransa kwenye vita kuu ya kwanza walikuwa wanaweka bati kwenye risasi za mizinga yao kupunguza shaba isigande mtutuni, siku hizi wengi wanatumia bismuthi. Inasaidia, ila haikufuti wewe na kitambaa chako.

Nakupa na kisa cha mwisho, hiki kinahusu baruti isiyoungua kabisa, maana uchafu mbaya kuliko wote ni huo. 1956 Winchester walitoa .458 Winchester Magnum, walitaka nguvu ya zile bunduki kubwa za Waingereza ila kwenye ganda fupi linaloingia raifo ya kawaida. Ganda fupi, kichwa kizito, ikabidi baruti isindiliwe. Risasi zikikaa muda mrefu, hasa kwenye joto, baruti inaganda bonge, ukipiga inaungua nusu, kichwa kinatoka kichovu. Wawindaji wa Afrika wakaanza kulalamika. Mmarekani mmoja, Jack Lott, alijeruhiwa na nyati Msumbiji 1959 akiwa na bunduki hiyo, akaapa, na 1971 akatoa ya kwake yenye ganda refu zaidi, .458 Lott, nafasi ya kutosha baruti ipumue. Winchester nao baadaye walirekebisha risasi zao. Kwa hiyo mgeni akikupa .458 ushike, tikisa risasi moja sikioni usikie kama baruti ndani imeganda. Sio kipimo cha kisayansi, mimi nafanya tu, mazoea.

Basi kama ningekuwa mimi najaza kwa ajili ya safari ya huku, ningeanza na kitabu nione zipi zinafaa ganda langu na kichwa changu, kati ya hizo nichukue zisizoyumba na joto, kati ya hizo nichukue inayojaza ganda karibu lote bila kusindiliwa, maana hiyo huwa inawaka sawasawa na inaungua mpaka mwisho, na hapo usafi unakuja wenyewe bila kuutafuta. Mzee wako nadhani alifanya hivyohivyo, ila kwenye kusimulia kasema usafi tu kwa kuwa ndo kinachosifiwa.

Na usije ukatamani uanze kujaza Sakina. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na kopo la baruti ukikutwa nalo ndani huna pa kujitetea. Hao wazee wenyewe wanakuja na risasi zilizokwisha jazwa, kilo 5 kwa abiria ndo ukomo wa mashirika ya ndege, baruti peke yake kwenye ndege ya abiria hairuhusiwi hata gramu. Wewe ufundi wako uko kwenye fimbo na kitambaa na hapo kuna mengi ya kujua.

SWALI: Fundi habari. Babu yetu huku Old Moshi aliacha gobore, lina karatasi zake zote, baba ndo kamiliki sasa. Baba analifyatua mara chache kufukuza nyani na ngedere shambani. Tatizo ni uchafu na moshi, akipiga mara mbili tatu mdomo unakuwa kama bomba la jiko, la nne halishindiliki. Kaka yangu anasema tutoe baruti kwenye risasi za kisasa tuweke humo, haina moshi. Tujaribu? Kijana wa Kilimanjaro.

JIBU: MSIJARIBU. Naomba kaka yako asomewe hii kwa sauti.

Gobore limetengenezwa kwa baruti nyeusi, ile ya zamani ya mkaa na salfa na chumvi ya shura. Ile kweli ni chafu, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inabaki masizi na chumvi, mengine yanatoka kama moshi mweupe mengine yanaganda mtutuni. Lakini uchafu huo unakuja na upole, presha yake iko chini na inajulikana. Baruti isiyo na moshi, iliyoanzia kwa Mfaransa Paul Vieille 1884, karibu yote inageuka gesi, kijiko kilekile kina nguvu mara kadhaa. Ukiiweka kwenye bomba la babu lenye kuta za chuma laini na mshono, linapasuka, na linapasukia palepale mkono wa kushoto na uso ulipo. Nimeshaona mkono wa mtu aliyefanya hivyo. Sielezi zaidi, watu wanasoma wakila.

Kuhusu uchafu, uzuri wa masizi ya baruti nyeusi ni kwamba yanayeyuka kwa maji. Sio mafuta, maji. Baada ya kupiga, baba ahakikishe limeshatoka lote, halafu apitishe kitambaa kilicholowa maji ya moto yenye sabuni kidogo, kingine cha maji matupu, vikavu mpaka vitoke vikavu kweli, ndo mafuta. Siku hiyohiyo, sio kesho. Ile chumvi inavuta unyevu kutoka hewani na huko kwenu juu ukungu unaingia mpaka chumbani, masika usiku mmoja unatosha kuota kutu nyekundu. Na kati ya mpigo na mpigo apitishe kitambaa chenye unyevu kidogo, risasi ya nne itashindilika. Lakini nyani kwa kweli mbwa wawili ni nafuu kuliko gobore.

SWALI: Nina risasi za marehemu mjomba, boksi la Kynoch, kampuni ya Waingereza, limeandikwa zamani sana, naona ni za enzi ya mkoloni. Je zinafaa? Na nikipiga zitachafua bunduki? Njiro.

JIBU: Kabla ya uchafu, risasi za marehemu zinatakiwa ziripotiwe polisi pamoja na bunduki yake, kama hamjafanya hivyo anzeni huko, na utulivu tu, mkienda wenyewe inakuwa shughuli ya kawaida.

Kuzipiga mimi nasema hapana. Baruti nyingi za zamani hizo ni kordaiti, na baruti yoyote ikizeeka kwenye joto inaanza kuvunjikavunjika yenyewe na kutoa asidi. Iliyokufa inanuka mkali, inachoma pua, na unaweza kuona unga wa rangi ya kutu au ganda limekuwa la kijani kwa ndani. Uchafu wake ni wa aina nyingine tena, kwa sababu praima, kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, nyingi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ikilipuka inabaki chumvi, ndugu kabisa na chumvi ya jikoni, na haiondoki kwa mafuta wala kwa dawa ya shaba. Ndo maana wazee wetu waliowahi kubeba bunduki za wawindaji wa Kizungu watakwambia walikuwa wanachemsha maji wanamimina mtutuni kwa birika. Vijana wakidhani ni ushamba. Hamna, walikuwa wanaosha praima.

Boksi lenyewe tupu litunze, wakusanyaji wanayapenda.

SWALI: Shotgani yangu ya kulinda shamba Usa River, nikipiga nakuta punje za njano njano mtutuni hazijaungua na kama nta ya plastiki karibu na mdomo. Nimeuziwa risasi feki?

JIBU: Sio lazima ziwe feki kaka. Shotgani inafanya kazi kwa presha ndogo, kama 11,500 tu kwa geji 12, na nimeshasema pale juu presha ndogo maana yake ni uchafu. Punje chache zisizoungua ni kawaida kabisa, hasa kwa risasi nyepesi na siku ya baridi, na huku chini ya Meru asubuhi unaijua. Kama ni nyingi mno, na mlio mmoja unapiga pwaa mwingine puu, hizo risasi zimekula unyevu, ziliwekwa kwenye stoo ya mbolea au? Mpigo ukisikika dhaifu simama, fungua, chungulia mtutu kabla hujaweka nyingine, pengine kikombe cha plastiki kinachobeba gololi kimekwama ndani na cha nyuma yake kitakupasulia bunduki.

Hiyo nta ni plastiki ya kikombe hichohicho, inayeyuka kwa joto inapakaa ukutani. Brashi ya bronzi kavu, zungusha, inatoka kama maganda ya kitunguu. Ndo uitie dawa baadaye.

SWALI: Naweza kusafisha kwa mafuta ya taa?

JIBU: Kwa masizi, ndio, wengi tumefanya. Kwa shaba hayafanyi kitu, kwa chumvi hayafanyi kitu, na ukiacha hivyohivyo bila kupaka mafuta ya bunduki yanakauka mtutu unabaki uchi. Petroli usithubutu, na sigara weka chini.